Msusi Aliyenyoa Nywele Zake

Bi Mstari aliangushwa mtihani na kitana. Si kwa kukosa ufundi, maana ufundi anao wa kugawia na majirani. Si kwa woga pia. Kitana tu, kile chembamba chenye mkia cha kugawia nywele, ndicho kilichomrudisha nyumbani uso umemsawijika na mkoba ameukumbatia kifuani. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu tukiendelea utaona kwamba mwanamke huyu si wa kuchekwa.

Jina la Bi Mstari alipewa na wateja. Akigawa nywele, njia inayobaki kati ya msuko na msuko hunyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Alianza kusuka angali msichana, barazani kwa mama yake, kisha akahamia saluni iliyo nyuma ya duka la vitambaa. Pale alikuwa na kiti chake karibu na dirisha na wateja waliokuwa tayari kumsubiri asubuhi nzima hata kama viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Mwanamke mmoja alisafiri na mto wake wa kulalia ili kazi ya Bi Mstari isiharibike ugenini. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo.

Halafu ikaja sheria mpya. Anayegusa kichwa cha mteja kwa malipo sharti awe na leseni, na leseni haipatikani ila upite chuo cha urembo na ufaulu mtihani wa vitendo. Mwenye saluni aliwakusanya wafanyakazi wake akawaeleza bila kuzunguka: asiye na leseni ataosha taulo na kufagia sakafu. Bi Mstari kufagia nywele zilizokatwa na wengine! Akanunua sare nyeupe, akaenda kukaa darasani na mabinti wa rika la binti yake, ambao siku ya kwanza tu walimbandika jina la Mama Mkubwa.

Na tuseme ukweli, alikipenda chuo. Wale waliodhani angekunja uso na kusema "haya yote nayajua" walimkosea. Alijifunza kutofautisha mba na mapunye, alijifunza kwa nini dawa ya kulainisha nywele hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio, alijifunza kusafisha kucha, kukanda uso, kupima rangi. Alishika kalamu kwa nguvu kama mtu anayechimba shimo, na maswali yake yaliwachelewesha wenzake kwenda kula. Siku waliyofundishwa jinsi msuko wa kubana mno unavyong'oa nywele za kwenye paji la uso, aliandika kila neno, na kesho yake saluni akaanza kulegeza mkono. Wateja wakalalamika kwamba hawaumii. Akawaambia, "Mtazoea."

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi aliyenukia spiriti tangu lango la chuo, na kwa sababu hiyo wanafunzi walimwita Mwalimu Spiriti, kwa siri waliyodhani haijui. Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini moja aliirudia kila siku.

"Kichwa chako ni chako, kichwa cha mteja ni cha mteja," alisema. "Kitana hakitembei kati yao. Kikianguka, kikikugusa, kimekwisha kazi. Kiweke kwenye bakuli la vyombo vichafu, nawa mikono, chukua kingine. Chombo kuchafuka si dhambi. Dhambi ni kukirudisha kwa mteja."

Hapo ndipo penye mfupa wa hadithi yetu. Bi Mstari, kama wasusi wote waliojifunzia barazani, alikuwa na tabia ya kuchomeka kitana katika nywele zake mwenyewe. Mikono miwili inahitajika kushika nywele za mteja, kitana kikae wapi? Kinapanda juu ya sikio, kinazama kwenye fundo la nywele, kinangoja pale mpaka kihitajike. Mama yake alifanya hivyo. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na huyu alikitazama kweli, tangu akiwa amebebwa mgongoni, na kisogoni hapo siku zote palikuwa na kitana.

Siku ya mtihani wa kwanza alimsuka jirani yake. Mistari ilinyooka, muda ulitosha, hata mabinti wa darasani walikuwa wakimchungulia kupitia vioo vyao. Alipotoka nje akiwa na uhakika kama wa jua kuchomoza, Mwalimu Spiriti alimwita pembeni.

"Umeanguka, Mama Mkubwa. Umechomeka kitana kichwani mwako, ukakichomoa, ukakirudisha kwa mteja. Mara tatu."

"Mimi?" Bi Mstari aligeuka kuwatafuta mashahidi. "Mwalimu, haki ya nani, sikufanya hivyo!"

Mabinti waliangalia viatu vyao. Mmoja akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kwamba ndiyo, ulifanya. Kumbe alifanya. Kufeli kulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umefanya jambo nyuma ya mgongo wake. Alikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, baada ya miezi miwili. Akianguka tena, angeanza kozi upya tangu siku ya kwanza, na saluni isingemngoja kiasi hicho.

Habari zilipomfikia mama yake, mzee huyo aliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchagua.

"Wamekuangusha kwa kitana?"

"Kwa kukiweka kichwani, Mama."

"Na mimi niliyekiweka kichwani maisha yangu yote, nikasuka mabibi harusi hata sikumbuki idadi, mimi ni mchafu?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Wamesema. Wamesema kwa mzunguko." Akavuta sinia, akachagua mchele kwa hasira mpaka akawa anatupa punje nzima na kubakiza mawe. Kisha akasema, "Safari hii mtu wa kusukwa ni mimi. Nataka nikakae pale katikati, niwaone kwa macho yangu hao wanaomfundisha mwanangu usafi."

Kwa kawaida kila mtahiniwa huja na mtu wake wa kusukwa, na pale chuoni mtu huyo huitwa kichwa. Bi Mstari alijaribu kumwambia mama yake kwamba kichwa hukaa kimya, hakihojiani na watahini. Mama akajibu kwamba yeye kukaa kimya anakujua, ila hajawahi kuona sababu.

Basi mazoezi yakaanza. Chuo kilimwazima kichwa cha plastiki chenye nywele ndefu, kile ambacho wanafunzi walikiita Bibi Harusi kwa sababu hutabasamu hata ukikivuta vipi. Alikifunga ukingoni mwa meza ya chakula, akawa anasuka na kufumua, huku mume wake akiwa mlinzi. Mume huyo ni seremala, mtu wa maneno machache na vumbi jingi. Kazi yake ilikuwa kukohoa kila mkono wa mkewe unapopanda kichwani na kitana. Akakohoa mpaka mtoto wao wa mwisho akamletea maji.

Mazoea yana taabu. Alijifunga kitambaa kichwani, kitana kikachomekwa kwenye pindo la kitambaa. Akavaa kofia ya plastiki ya saluni, kitana kikapita chini ya mpira wake. Akasuka nywele zake mwenyewe zikalala bapa kabisa, na kitana kikapata pa kujibana vilevile, kama mgeni asiyekosa pa kulala. Jioni moja alikitupa mezani.

"Nikate mkono huu!" akasema. "Nikuulize, hivi mimi ni mjinga?"

"Si ujinga," mume wake akasema. "Ni ufundi. Fundi yeyote ana pa kuweka chombo chake."

"Rahisi kusema."

"Hata mimi nina..." Akainua mkono kugusa sikio, na penseli ilikuwepo, pale pale inapokaa miaka yote, ingawa alikuwa ameoga na kubadili nguo tangu kurudi kazini. Wakatazamana. Bi Mstari akacheka mpaka akashika kiti. Seremala naye akacheka, akaitoa penseli, akaiangalia kama kitu cha kuokota.

"Mimi kuacha hii," akasema, "labda wanikate sikio."

Ulikuwa utani tu. Lakini Bi Mstari aliacha kucheka kabla yake, akabaki anamtazama Bibi Harusi. Seremala anasema alipoiona ile sura alijua kuna jambo limekwisha amuliwa na kwamba yeye hatashirikishwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa kinyozi wa pembeni mwa soko, akakaa kwenye kiti cha wanaume, akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zinazofika mabegani, na ndizo zilizokuwa tangazo lake la biashara.

"Zote," akasema.

Kinyozi akazima mashine ambayo hata hakuwa ameiwasha vizuri. "Dada yangu, umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Shemeji amefanya nini?"

"Shemeji yako yuko kazini anapiga randa. Nyoa."

"Mimi sitaki lawama. Wewe ni msusi. Msusi bila nywele ni kama... mimi hata sijui ni kama nini."

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," Bi Mstari akamwambia, "wala msusi hajinyoi. Ndiyo maana nimekuja kwako. Ungekuwa mtihani wako, ningekunyoa mimi."

Kinyozi akapitisha mashine mara moja, katikati, kutoka paji la uso mpaka utosini, kisha akasimama tena kuuliza kama ana hakika. Bi Mstari alijiona kwenye kioo ana barabara kichwani. Hofu ilimshika hapo, hilo halikanushi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akafumba macho akamwambia amalize.

Mtaani alizungumzwa kwa wiki nzima. Wateja walioingia saluni waliuliza kama ni ugonjwa. Mabinti wa chuo walipiga kelele, kisha wakapanga foleni kukigusa kipara chake. Binti yake mkubwa alilia kidogo, akasema mama yake anafanana na mjomba. Mama yake alimzunguka mara mbili, akamtazama kisogo kile kilichobaki wazi, akasema tu, "Una kovu hapa nilikuwa sijalijua." Bi Mstari mwenyewe, akipita mbele ya vioo, alikuwa akinyanyua shingo. Alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna msusi aliyewahi kulifanya kwa ajili ya kitana, na alijivunia, hata kama halijamletea chochote bado.

Siku ya mtihani ukumbi ulipangwa viti vya kusukia, kila kimoja na kioo chake, meza ndogo ya magurudumu, na mabakuli mawili, moja la vyombo safi na jingine la vilivyokwisha tumika. Mama alikuja na gauni lake la sherehe, akakaa wima. Mtahini mkuu, mwanamke mrefu asiyetabasamu, alisimama mbele akasoma masharti kwa vichwa.

"Kichwa hakisemi. Kichwa hakishiki chombo. Kichwa kikimsaidia fundi kwa namna yoyote, fundi ameanguka."

"Tumesikia," mama akajibu kwa sauti, na ukumbi mzima ukageuka. Bi Mstari akaomba ardhi ipasuke. Lakini saa ilikuwa haijaanza kuhesabiwa, mtahini akampita.

Wakaanza. Bi Mstari alinawa, akakagua ngozi ya kichwa cha mama yake, akamfunika kitambaa mabegani, akachana. Nywele za mama zilikuwa nyeupe zote na laini kuliko alivyozikumbuka. Tangu azaliwe hakuwahi kumsuka mwanamke huyu, maana mama alikuwa akijisuka mwenyewe kwa kupapasa, hakuamini mkono wa mtu mwingine. Sasa alikuwa ameinamisha shingo, ametulia, na mkono wa binti yake ulikuwa ukichora njia ya kwanza kutoka utosini kushuka chini. Ilinyooka. Ya pili nayo ikanyooka. Kipara kilikuwa kiking'aa kwa taa za ukumbi, na moyoni alikuwa akiimba.

Pengine ni huko kuimba kulikomponza. Alihitaji kuchota mafuta, mkono wa kushoto umebana nywele, na mkono wa kulia ukafanya kile ulichofundishwa kabla hajaota meno. Ukapanda juu ya sikio na kitana.

Kitana hakikupata pa kushika. Kiliteleza juu ya ngozi, kikampiga begani, kikaanguka kwenye marumaru. Ta! Ukumbi wote uliokuwa kimya ulikisikia.

Bi Mstari aliganda. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameukamata mkono wake. Miaka yote nywele zilikuwa zikiuficha, kitana kinaingia na kutoka bila yeye kujua. Sasa hapakuwa na pa kujificha, na sauti ya kitana ilikuwa bado masikioni mwake. Alidhani amenyoa ili mkono uache. Kumbe mkono haukuacha, ila yeye ndiye aliyeamka.

Na hapo hapo akaona kitu kingine kwenye kioo. Mkono wa mama ulikuwa umetoka chini ya kitambaa, unashuka sakafuni. Mama gani angeacha kitana cha mwanawe chini? Kikianguka unakiokota, unakifuta kwenye gauni, unampa, kazi inaendelea. Ndivyo walivyoishi barazani. Vidole vilikuwa vimebakiza kidogo tu kukigusa, na mtahini mkuu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo na kalamu mkononi.

"Mama, kiache."

Hakupaza sauti. Wala hakuomba. Alisema kama mtu anayesema katika chumba chake cha kazi. Mkono wa mama ukasimama hewani, kisha ukarudi chini ya kitambaa polepole.

Bi Mstari alizibana nywele za mama kwa kibanio zisichanganyike. Akaokota kitana kwa karatasi laini, akakiweka katika bakuli la vilivyotumika. Akaenda kwenye beseni, akanawa mpaka vifundoni, akajikausha. Akafungua pakiti, akatoa kitana kipya, akarudi nyuma ya kiti, na kuendelea na njia pale alipoishia. Mtahini akaandika, tena akaandika kirefu. Bi Mstari akajisemea kwamba basi, kwisha habari yake. Lakini kila alipohitaji kuwa na mikono miwili kitana kilikwenda mezani. Alisuka hadi msuko wa mwisho kama mtu asiyejali kalamu ya yeyote.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama hakusema kitu. Wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Alikuwa akizijibu salamu na kula chakula, basi. Bi Mstari alijua maana ya kimya hicho, au alidhani anajua: amemkemea mama yake mbele za watu, tena watu wale wale ambao mama alikwenda kuwapima. Alipiga hesabu zake usiku na mchana. Huenda amepoteza leseni, na huenda amepoteza radhi pia.

Siku ya majibu alivaa sare yake akatoka, akamkuta mama mlangoni na gauni lile lile la sherehe. Nywele zake hazikuwa zimeguswa. Wakaenda pamoja.

Ukumbini Mwalimu Spiriti alikuwa akisoma majina na kugawa karatasi. Alipofika kwa Bi Mstari aliinua macho.

"Mama Mkubwa, umekatwa alama kwa kitana kukugusa kichwa," akasema. "Zilizobaki zinatosha na kuzidi. Umefaulu. Hongera sana."

Mabinti walimrukia. Wakakishika kipara chake kama kombe. Yeye aliwapenya katikati akamtafuta mama yake, aliyekuwa amesimama ukutani na mikono nyuma.

"Mama," akasema, "siku ile nilikukatiza mbele za watu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Mama alionekana kushangaa kweli. "Mimi nilikuwa nimenyamaza nisije nikakutia mkosi kabla ya majibu. Ulifikiri nimekasirika?"

"Wiki nzima hukusema neno!"

"Nilikuwa na neno moja nikiogopa kulitoa mapema." Mzee akatazama ukumbi, viti, vioo, wale wote aliokuja kuwaona kwa macho yake. "Nimesuka maisha yangu yote, mwanangu, na wateja wananiamuru. Bana hapa, legeza pale, harakisha. Nami nafuata. Siku ile mkono wangu uko chini, wewe ukaniambia nikiache. Mimi, mama yako! Na hukunitazama hata usoni, ulikuwa unaitazama kazi. Nikajisemea, huyu haamriwi na kichwa anachokisuka. Huyu ni fundi. Mimi nilikuwa msusi tu."

Kisha, kabla binti yake hajajibu, akapiga kigelegele kirefu kilichowafanya watahini kutoka ofisini, akamshika mkono na kuuinua juu mbele yao wote.

"Huyu!" akasema. "Mwenye kipara huyu! Nimemzaa mimi."

Bi Mstari alilia pale pale, kwa sauti, na hakuona haya.